Nnaomba ushauri: Harrier ya haibridi kwa Pemba, nichukue au niiache?

MwanaWete
Assalaam alaykum wanajamvi. Nnaomba ushauri wenu kabla wiki hii haijesha.

Nimepata Toyota Harrier ya haibridi, yaani ya injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ya mwaka 2014, cc 3300, nyeupe ya lulu. Muuzaji anataka milioni 22. Mie nakaa Wete. Kazini kwangu ni mwendo wa dakika kumi, lakini mara mbili au tatu kila mwezi nampeleka mama yangu Hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani. Magoti yanamsumbua sana. Gari ya chini akishaingia, kumtoa ni kazi ya watu wawili. Hii Harrier nilimjaribisha, akakaa kama anayekaa kitini kwake, akashuka mwenyewe. Sijamuona akishuka mwenyewe kwenye gari kwa muda mrefu.

Suali langu ni moja tu: haibridi inafaa kwa Pemba? Naambiwa inakula nusu ya mafuta. Ni kweli?

Kijana_wa_Konde
Nunua punda wa Micheweni. Hana betri, na vilima vyote anavijua.

BaharaMstaafu
Mwanangu, gari za umeme usithubutu. Mie nilikuwa Unguja umeme ulipokatika Disemba 2009, tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Majenereta yakinguruma mji mzima, maji tunatafuta kwa ndoo. Nilikuwa na friza mbili za samaki pale nyumbani, nguru na changu, nikagawa kwa majirani siku ya kwanza na ya pili, siku ya tatu nikafukia. Mpaka leo nikisikia harufu ile nakumbuka. Sasa siku kama hizo zikirudi, hiyo gari utaichomeka wapi?

FundiMtoni
Ami, pole kwa samaki wako, lakini haibridi ya namna hii haichomekwi popote. Unatia petroli kama gari yoyote. Betri kubwa inajazwa na injini yenyewe, na unapokanyaga breki au kuteremka kilima, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Zipo haibridi za kuchomeka, lakini Harrier za miaka hiyo siyo.

MwanaWete, kuhusu nusu ya mafuta, hapana. Inapunguza, lakini nusu ni maneno ya dalali. Kwanza niambie mambo mawili. Kwa mwezi unatembea kilomita ngapi? Na betri imepimwa na nani?

Salma_Chukwani
Mie nnayo haibridi ndogo, huu mwaka wa nne, Chukwani mpaka Darajani kila siku. Gari niliyokuwa nayo kabla ilikuwa inanipa kilomita 9 kwa lita, hii inanipa 15. Kwenye foleni ya asubuhi injini inazima kabisa, gari inasogea kimya kimya.

Ila nikwambie kaka yangu kitu ambacho mie sikuambiwa. Chini ya siti ya nyuma pana matundu ambapo betri inavuta hewa ya kujipoza. Watoto wangu wakirudi pwani walikuwa wanarundika mataulo na mikoba pale pale, na mchanga juu yake. Mwaka wa pili gari ikaanza kuvuma nyuma, feni inakwenda mbio, halafu taa zikawaka. Fundi alipofungua, chujio limeziba kama godoro la usufi. Likasafishwa, gari ikapona. Ningechelewa kidogo tu ningeipika betri. Kwa hiyo angalia matundu hayo, na usimruhusu mtu kuyafunika kwa kitambaa cha siti.

MwanaWete
Ahsante dada Salma, nitayaangalia. Vitambaa vya siti nilikuwa nishavinunua, kumbe vina madhara.

Fundi, kwa mwezi ni kama kilomita 600, pamoja na safari za Mkoani. Betri muuzaji amesema ni nzima.

Mhasibu_Gombani
Umenunua vitambaa vya siti vya gari ambayo hujaamua kuinunua?

Haya, tupige hesabu. Kilomita 600 kwa mwezi. Gari ya kawaida ya ukubwa huo tuseme inatoa kilomita 8 kwa lita: lita 75. Haibridi yenye injini kubwa hivyo tuipe 12: lita 50. Umeokoa lita 25. Tufanye lita ni shilingi 3,000 kwa kurahisisha, maana bei ZURA, mamlaka inayosimamia mafuta Zanzibar, hutangaza kila mwezi: umeokoa 75,000. Sasa gari ya juu isiyo haibridi, ya hali hiyo hiyo, ukitafuta kwa utulivu unaipata kwa milioni 17. Tofauti ni milioni 5. Ukigawa kwa 75,000 ni miezi 66 na ushei. Miaka mitano na nusu ndiyo unaanza kuona faida, na hapo hujatia shilingi moja kwenye betri.

Salma amefaidi kwa sababu anatembea kila siku na ana foleni. Wete foleni iko wapi?

FundiMtoni
Hesabu ni nzuri, ila usivisahau vilima. Pemba ni kupanda na kuteremka, na kila mteremko unarudisha umeme. Kwa hiyo hata bila foleni haibridi inafanya kazi yake huko. Lakini nakubali, kwa kilomita 600 haitajilipa haraka.

MwanaWete, "muuzaji amesema" siyo kipimo. Gari umeiona wapi? Taa yoyote imewahi kuwaka mbele ya macho yako?

UstadhMtambwe
Kabla ya taa, ndugu yangu, pesa. Kama ni mkopo wa riba, hata ikiwa gari mpya kutoka kiwandani, iache. Na kama ni ya watu, watu wawe wameridhia.

MwanaWete
Si mkopo, ustadh. Ni pesa ya karafuu. Mavuno yaliyopita shamba la marehemu baba lilitia vizuri, tupo ndugu watano, na tulikubaliana fungu la mwaka ule lote liwe la usafiri wa mama. Mie ndiye niliyekabidhiwa.

Na nikiri kitu kimoja. Arbuni nishatoa, milioni 6, kwa maandishi. Gari ipo uwanjani kwangu huu usiku wa nne. Naomba msinihukumu. Nilimuona mama anashuka peke yake nikasema hii ndiyo. Bado milioni 16, natakiwa kumaliza Jumapili.

Mhasibu_Gombani
Basi suali lako halikuwa "haibridi inafaa Pemba". Umeshanunua, unatafuta wa kukwambia umefanya vizuri.

FundiMtoni
Muacheni. MwanaWete, hujanijibu la taa.

MwanaWete
Iliwaka mara moja. Siku tunaijaribu, kwenye kilima cha kuingilia Wete, ikatokea pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao. Muuzaji akasema haibridi zote huwa hivyo zikikaa muda bila kutembea. Akaja kijana wake na kimashine, akachomeka chini ya usukani, dakika mbili ikazimika. Haijarudi tena. Ila ni kweli tangu siku hiyo sijaitoa uwanjani, nawasha tu asubuhi, na jioni naiosha.

FundiMtoni
Sasa nisikilize vizuri.

Ile pembetatu ni gari inakwambia ina jambo zito, na jambo lenyewe linaandikwa kwenye kompyuta kwa namba. Kimashine kile kinasoma namba, na kinaweza kuifuta. Kufuta si kutengeneza. Kama namba iliyosomwa ilikuwa P0A80, maana yake betri kubwa imechoka. Kijana yule aliiona namba, wewe hukuonyeshwa.

Betri ya haibridi yenye injini ya 3300 ni ya volti 288, ndani mna moduli 30, yaani vibetri vidogo, zimeungwa moja na nyengine. Moja ikichoka, gari inaweza kutembea kawaida barabara tambarare, lakini kwenye kilima, ikidaiwa nguvu, ile mbovu volti zake zinashuka ghafla na taa inawaka. Kilima, sawasawa na ulivyosema mwenyewe. Ukiiwasha tu uwanjani haidaiwi kitu, kwa hiyo taa haina sababu ya kurudi.

Gari yenyewe haina kosa. Betri ni kitu kinachozeeka, na huku kwetu joto linazidisha. Fanya hivi: mlete mtu mwenye mashine inayosoma volti za kila fungu la betri, si ile ya kufutia taa. Mwende Chake na kurudi huku anasoma. Mafungu yakienda pamoja, sawa. Moja likiachwa nyuma na wenzake, umepata jibu. Tazama na maji ya kupoza inveta, kile kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uendeshe mota, yana chupa yake mbali na ya injini. Na ukiona nyaya za rangi ya chungwa, mafundi wetu wa mtaani wasiziguse kabisa. Volti 288 hazina mzaha, zinaua mtu.

Usikubali kubadilishiwa moduli moja. Zinazobaki zimezeeka vile vile, baada ya miezi michache unarudi pale pale.

BaharaMstaafu
Zamani kulikuwa na gari za mbao, unapakia abiria, magunia ya mihogo na mbuzi juu. Ikizima, dereva anashuka na bisibisi, mnaendelea. Leo gari inataka kompyuta ili ikohoe. Allah atusitiri.

Ngalawa_Tumbatu
Jamani, mnapoteza usiku wenu. Hadithi hii ni ya kubuni.

Harrier ya 2014 yenye cc 3300 haikutengenezwa. Harrier ya haibridi ya V6 ya 3300 ilitoka mwaka 2005, ni umbo lile la zamani. Umbo jipya la haibridi lilipoingia sokoni Januari 2014 lilikuja na injini ya 2500, silinda nne. Mtu ambaye ana gari uwanjani na anaiosha kila jioni hawezi kukosea hapo. Huyu ni dalali. Anataja rangi ya lulu, anataja bei, anamtia mama mgonjwa, kesho atakuja "ndugu yake" kusema ameamua kuiacha, nani anaitaka.

Kijana_wa_Konde
Kumbe tangazo! Na mie nilianza kumuonea huruma.

UstadhMtambwe
Kumsingizia mama maradhi kwa ajili ya biashara ni jambo kubwa. Kama ni uongo, utubie.

Salma_Chukwani
Mie simuoni dalali hapa. Dalali hasemi taa iliwaka. Na mtu habuni mama anayevutwa na watu wawili kutoka kwenye gari, hilo anajua aliyemvuta. Mie wa kwangu nilimvuta miaka mitatu, Allah amrehemu.

FundiMtoni
Ngalawa kwenye miaka na injini yuko sahihi, na mie limenipita, nilikuwa nawaza betri tu. MwanaWete, fungua boneti. Ndani mna kibati kimeandikwa namba za gari. Soma mwanzo wa namba ya chesisi. Ikianza na AVU65 ni ile ya 2500. Ikianza na MHU38 ni ile ya zamani.

MwanaWete
Nimesoma maneno yenu nikakaa kimya, maana nilitetemeka. Wallahi sijabuni hata neno. Sijui gari, ndiyo maana nimekuja hapa.

Nimetoka na tochi. Imeandikwa MHU38W.

Ngalawa_Tumbatu
Basi naomba radhi kwako na kwa mama. Nilidhani muongo ni wewe. Kadi ya gari umeiona?

MwanaWete
Kadi alisema iko Unguja, ningepewa nikimaliza pesa. Sasa hivi nimempigia, nimemwambia nirushie picha ya kadi au usubiri. Amezunguka sana, mwisho ameirusha. Mwaka wa kutengenezwa 2006.

Miaka minane ameniongezea mbele ya macho yangu.

Mhasibu_Gombani
Yale maandishi ya arbuni yanasemaje? Neno kwa neno.

MwanaWete
"Gari aina ya Toyota Harrier, mwaka 2014, nzima, bila ya kasoro ya injini wala umeme." Tumetia saini wote wawili mbele ya sheha, na mashahidi wawili.

Mhasibu_Gombani
Karatasi hiyo usimpe mtu mkononi. Piga picha, mtumie kila ndugu yako usiku huu huu. Kesho nenda kwa sheha na picha ya kadi. Ameandika 2014 na kadi yake inasema 2006, hapo huna haja ya kubishana na mtu juu ya betri. Milioni 6 unayo haki ya kuidai.

UstadhMtambwe
Na ndugu zako waambie mwenyewe kabla hawajasikia kwa mwengine.

MwanaWete
Dada yangu mkubwa nimeshamwambia. Amenyamaza kwanza, halafu akauliza: mama atapandia nini safari ya Jumanne?

Muuzaji amepiga tena. Anasema tusifikishane mbali, yuko tayari kushusha, jumla iwe milioni 13 pamoja na arbuni. Najua mtakasirika. Lakini urefu wake unamfaa mama, na ndani imetunzwa, hata harufu ya sigara haina. Kwa 13, fundi, hata kama ni ya 2006?

FundiMtoni
Sijakasirika. Jumamosi nakuja Mkoani kwa boti, nna kazi nyengine ya siku mbili huko. Mashine nitaibeba. Tutapanda nayo kilima kile kile, mara tatu. Mpaka hapo usimpe hata shilingi, na kwa sheha nenda asubuhi kama ulivyoambiwa. Ya Jumanne mkodie mama gari ya juu.

MwanaWete
Jumamosi boti inafika saa ngapi? Nije kukupokea kwa teksi.