Mrejesho: ile chaneli ya 2 iliyokuwa inakufa na kufufuka

Wakuu, nimerudi. Kwa waliosahau: nina mtandao wa redio za upepo wenye ripita 4 (mitambo inayopokea sauti ya redio na kuirusha tena mbali zaidi), kila moja na chaneli yake. Chaneli ya 2 ilikuwa inakatika, inarudi baada ya dakika mbili tatu, kisha inakatika tena, na kila ikirudi kidhibiti (kifaa kinachowagawia watu chaneli za kuongelea) kinawapeleka watu humo humo. Nikauliza kama nibadilishe ripita nzima.

Aliyesema "pima wati zinazorudi kwanza" kaniokolea pesa; hizo ni nguvu zinazoshindwa kutoka kwenye antena na kurudi kwenye ripita. Nikafunga mita kati ya ripita na antena: zinatoka 50, zinarudi 12! Ripita ilikuwa inajilinda tu, inapunguza nguvu hadi kidhibiti kinaihesabu mbovu. Nikapanda mnara. Kiunganishi cha juu nilipokifungua kikadondosha maji, na waya wa kusuka ndani ya kebo umegeuka kijani. Nimekata kebo mpaka kwenye shaba inayong'aa, nikafunga kiunganishi kipya na utepe wa mpira. Sasa inarudi wati 1.

Kuhusu kufufuka: kidhibiti kilikuwa kinairudisha chaneli mara tu hitilafu inapotoweka. Ripita ikipumzika haina wati za kurudi, kwa hiyo ilionekana nzima. Nimeweka ijaribiwe kwa kurusha kwanza, ikae salama dakika 10, ndipo ipokee watu. Ikianguka mara 3 ndani ya saa moja, inabaki nje mpaka niirudishe mwenyewe.