Msimamizi anasema upande wa nyuma hauna mpangaji, LUKU inasema kuna mtu

Wakuu habari za jioni, nitaandika ndefu na nina hasira, mnivumilie.

Nina nyumba Tabata, pande mbili zinazojitegemea, kila upande na mita yake. Mimi kikazi niko Dodoma kwahiyo nikampa jamaa mmoja mwenye ofisi ya usimamizi wa nyumba, anakusanya kodi, anaita mafundi, anakata asilimia 10 yake na inayobaki ananiingizia. Kila upande laki tatu na nusu kwa mwezi, wapangaji wanalipa miezi sita sita.

Tangu Februari wimbo ni mmoja tu, upande wa nyuma hauna mtu. Bosi soko gumu, bosi wateja wanakuja wanaangalia wanaondoka. Haya. Juzi ananipigia nimtumie elfu ishirini ya umeme wa huo huo upande mtupu, eti fundi anakuja kuchomelea grili. Nikamwambia hela sitoi, nitanunua mwenyewe kwa simu, si namba ya mita ninayo. Meseji ya tokeni inaingia naangalia kodi ya jengo, haijakatwa hata mia!

Wenye nyumba mshanielewa. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, siku hizi ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa, na inakatwa ukinunua umeme mara ya kwanza mwezi huo, miezi ikipita bila mtu kununua deni linakusubiri palepale. Na kwangu kodi iko kwenye mita ya nyuma, ya mbele iliondolewa ili nisikatwe mara mbili. Sasa nyumba haina mtu tangu Februari halafu haidaiwi kitu, nani kailipa, panya? Nikaenda TANESCO na vitambulisho vyangu wakanitolea historia ya manunuzi ya ile mita. Wakuu, umeme unanunuliwa kila wiki, miezi yote hiyo. Kuna familia inaishi mle inapika na kuangalia tamthilia na kodi yao inaliwa na mtu ambaye bado ananiita bosi.

Nikamwambia nitumie mikataba yote. Kanitumia picha ya mkataba wa upande wa mbele tu, hauna shahidi, hauna stempu. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwangu mimi ni elfu arobaini na mbili, na kila mwaka alikuwa ananikata! Mkataba usiolipiwa huo ushuru ukiupeleka mahakamani haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipe na faini juu, maana yake nililipia karatasi ya kufungia vitumbua.

Halafu huo upande wa mbele kapanga mfanyakazi wa kampuni, kampuni ndiyo inalipa, kwahiyo wanazuia asilimia 10 ya TRA. Sawa, ni sheria, sina ugomvi na sheria. Ila aliyezuia anatakiwa anipe cheti cha kodi ya zuio, na cheti sijawahi kukiona. Nikiomba naambiwa mhasibu wao yuko likizo. Mhasibu gani huyo anakaa likizo mwaka mzima?

Na risiti za matengenezo sasa. Koki, sinki, bati, rangi, maduka matatu tofauti kwa mihuri, lakini mwandiko mmoja na namba za risiti zinafuatana kama wanafunzi wa mstarini. Hakuna hata moja ya EFD ambayo ningeweza kuihakiki kwenye tovuti ya TRA. Nikimuuliza jibu lake ni "bosi kwani huniamini?" Kwani nimekuajiri unihubirie imani? Nataka karatasi.

Kinachoniuma zaidi benki walishaniambia wanaweza kuhesabu pango kama kipato kwenye mkopo wangu nikileta mikataba na stetimenti inayoonyesha kodi inaingia. Nitapeleka nini mimi, voisnoti zake?

Jumatatu nashuka Dar, nitaanzia serikali ya mtaa halafu twende wote tukagonge mlango wa nyuma. Swali langu kwa wanasheria na waliopitia haya, ile historia ya LUKU mahakamani wanaipokea ikiwa na muhuri wa TANESCO au lazima niwe na mpangaji mwenyewe aseme alimlipa nani? Na huyo mpangaji, kama kalipa kihalali kwa msimamizi wangu, nina haki yoyote ya kumdai? Naomba majibu ya maana, wale wa "ungeuza ukanunua bodaboda" nawaomba mpite kimya kimya.