Mjadala: Ni haki kampuni ya magari ya stima kutoa ya bei kali kwanza, na aliyeweka deposti ya bei nafuu angoje?

Dereva wa Njoro (mwenye mada)

Wakuu habari za jioni. Hii kitu tulibishania Jumapili stage na madereva wenzangu hadi gari likajaa tukaachana bila kuelewana, nimeona niilete hapa tuiongelee vizuri. Machi 2016 Tesla, kampuni ya magari ya stima ya Marekani, walionyesha gari lao jipya la Model 3 wakasema litaanzia dola 35,000. Watu wakapiga laini nje ya maduka, kila mtu na dola 1,000 yake ya kushikilia nafasi, wiki moja tu oda zikapita 325,000. Sasa angalia kilichotoka. Julai 2017 wanakabidhi za kwanza na zote ni betri kubwa, zote na ndani ya kifahari, dola 49,000, wewe unachagua rangi na rimu basi. Ile ya 35,000 iliahidiwa Novemba mwaka huohuo. Ilikuja mwisho wa Februari 2019! Na Aprili ikaondolewa kwa tovuti, ukiitaka upige simu ama uende dukani.

Halafu kuna jambo watu wanaliruka. Serikali ya Marekani ilikuwa inampunguzia mnunuzi kodi dola 7,500, lakini kampuni ikishauza gari 200,000 hiyo nafuu inaanza kukatwa, na Tesla walifikisha hiyo idadi katikati ya 2018, kwa hivyo Januari 2019 ikashuka hadi 3,750. Maana yake mwenye pesa alichukua gari mapema pamoja na nafuu yote, na yule wa mshahara mdogo aliyevumilia karibu miaka mitatu akingoja ya 35,000 alifika mezani akapata nusu. Mimi hapo nakataa. Kampuni ianze na ghali ikitaka, lakini isichukue pesa ya mtu kwa jina la gari ambalo inajua haitalitoa karibuni. Mnaonaje?

Mhasibu, Kakamega

Ndugu yangu, naona unaangalia bei ya gari na huangalii gharama ya kulitengeneza. Miezi mitatu ya kwanza, Julai hadi Septemba 2017, walitoa Model 3 ngapi? 260! Na walikuwa wamesema zaidi ya 1,500. Kiwanda cha kutoa 260 kinalipa mikopo, mashine na wafanyakazi wa kiwanda cha maelfu, sasa hizo chache ukiziuza kwa faida ya shilingi mbili umefunga duka. Elon Musk mwenyewe, mkubwa wa Tesla, Mei 2018 aliandika wazi kwamba wakitoa ile ya bei ya chini mara moja kampuni itapoteza pesa na kufa, lazima kwanza wafike gari 5,000 kwa wiki na wangoje miezi mitatu hadi sita baada ya hapo. Hizo 5,000 walizifikia mwisho wa Juni 2018, na walikuwa wamesimamisha hema nje ya kiwanda chao Fremont, California, ndio waongeze laini ya kuunga magari.

Na ile ya rangi na rimu tu si kiburi. Ukiongeza betri ya pili na mota ya mbele na viti vya aina tatu, kila kimoja kina vipuri vyake, mtu wake, mahali pake pa kuharibika. Kiwanda kichanga kinaanza na aina moja hadi mikono izoee. Ndio maana pia walianza kuwauzia wafanyakazi wao na watu wa California karibu na kiwanda, gari likisumbua linarudi siku hiyohiyo.

Nyinyi wa Nakuru mnajua viazi vya Molo. Vya kwanza kabla msimu kushika viko juu, vinaenda kwa hoteli, baadaye vikijaa sisi sote tunakula. Kuna mtu amewahi kumshtaki mkulima?

Dereva wa Njoro

Viazi nimekubali. Lakini mkulima wa Molo hajanishikia elfu zangu miaka mitatu kabla apande.

Mhasibu, Kakamega

Ilikuwa inarudishwa hiyo deposti, ukichoka unaitisha. Na mpango haukufichwa, tangu 2006 Musk aliandika kwamba wataanza na gari la kifahari la mbio, pesa yake itengeneze la bei ya kati, na ya hilo itengeneze la bei nafuu zaidi. Aliyeweka pesa 2016 alikuwa na miaka 10 ya kusoma hayo.

Boda wa Kondele

Omera mhasibu, kurudishwa ni neno tamu kwa karatasi. Wacha niwaambie yangu. Mwaka jana niliweka deposti ya pikipiki ya stima kwa muuzaji mmoja hapa Kisumu, sitamtaja, ile ya betri moja kwa sababu mimi nazunguka Kondele, Mamboleo, Kibuye, jioni niko nyumbani. Waliniambia wiki sita. Wiki sita zikaisha, zikaja pikipiki kweli, lakini zote za betri mbili, naambiwa ongeza pesa uchukue leo ama ungoje mzigo mwingine. Mzigo wa lini? Hawajui. Nikasema basi nirudishieni, wakasema mwenye kusaini hayuko. Na huo wakati wote naendesha ya petroli ya kukodi, kila jioni natoa ya mwenyewe na ya petroli ndio nione yangu. Mtu wa chini akingojeshwa analipa kila siku anapongoja, na hiyo hesabu yako haina mahali pa kuiandika.

Mwalimu, Bungoma

Pole sana mwanangu. Mimi nauliza tu, kwani lazima kuanza juu? China 2020 walitoa kale kagari kadogo, Wuling Hongguang Mini EV, kuanzia yuan 28,800, hakana makuu, kilomita 120 kwa chaji moja kwa toleo la chini, na miezi mingine kaliuzwa zaidi kuliko hiyo Model 3 mnayobishania. Hao hawakusema maskini wangoje kwanza. Kwa hivyo sitaki kuambiwa ni sheria ya dunia, ni uamuzi wa watu wamekaa kwa meza.

Mhasibu, Kakamega

Mwalimu shikamoo. Kweli kabisa, lakini hako kagari kalitoka kwa viwanda vilivyokuwa tayari vinatengeneza magari madogo kwa wingi, hawakuwa wanajifunzia kazi hapo. Na kuna mfano wa upande wa pili. Model S, gari la kifahari la Tesla lililotangulia Model 3, ile ya betri ndogo ya 40 kWh (kipimo cha stima inayobebwa na betri) ilikuwa kwa orodha, ilipofika 2013 wakakuta ni asilimia 4 tu ya wateja waliiagiza, wakaifuta, na hao wachache wakapewa gari la 60 kWh lililofungwa kwa softiwea litumie 40 tu. Watu wanasema nafuu, wakifika kwa fomu wanaweka tiki kwa betri kubwa.

Dereva wa Njoro

Walioagiza gari la aina hiyo si sisi bwana. Huwezi pima hamu ya watu wa unga kwa watu wa keki.

Fundi wa magari ya stima, Nakuru

Nimesoma nyote na hakuna aliyegusa mahali sisi tunasimama kwa hii laini. Sisi hatununui mapya. Tunangoja mtumba, isizidi miaka minane na usukani uwe kulia, gari la kawaida la usukani kushoto haliruhusiwi Kenya. Model 3 ya usukani wa kulia ilianza 2019. Kwa hivyo anachotoa mtengenezaji kwanza leo ndicho nitaletewa kwa karakana miaka sita saba ijayo.

Sasa angalieni Leaf, gari la stima la Nissan. Wao walianza Desemba 2010 na betri ndogo ya 24 kWh, baadaye 30, ya 40 ikaja 2017, ya 62 ikaja 2019. Ndogo kwanza, vile dereva anapenda. Na betri za hizo zote hazina mfumo wa kupoza kwa maji, kwa hivyo joto linazichosha mapema. Zilizofika huku nazifungua mimi. Ile ya 24 ikiwa mpya, umbali wake kwa chaji moja kwa vipimo vya Marekani ulikuwa kama kilomita 117, na kwa dashibodi ina vijiti 12 vya uzima wa betri, mimi naletewa zenye vijiti vinane, saba. Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi na huko mbele kuna mlima wa Kinungi, mzigo wa abiria wanne na baridi. Mwenye gari analia kwangu na hakuna ninachoweza kumpa isipokuwa bei ya betri nyingine, ambayo inamshtua kuliko ugonjwa wenyewe.

Kwa hivyo mimi nasema watoe betri kubwa kwanza! Tajiri wa Tokyo na London anunue kubwa mapema, ikipungua robo bado itanifikisha Naivasha na kurudi. Hiyo betri ndogo mnayoitetea kwa jina la maskini, ikizeeka anayebaki nayo ni maskini wa huku.

Dereva wa Njoro

Fundi, hapo sina jibu, na nimekaa nayo tangu asubuhi. Nilikuwa nawaza yule wa kwanza kwa laini na sikuwaza wa mwisho, na wa mwisho ni mimi. Kwa upande wa betri nimehama, waanze na kubwa. Kwa deposti sijahama hata hatua. Pesa ya mtu ishikwe ikiwa kuna tarehe na modeli imeandikwa, tarehe ikipita irudi bila kuombwa, na kama kuna nafuu ya serikali inayoisha aambiwe kabla atoe shilingi. Boda wa Kondele, risiti yako imeandikwa modeli gani?

Boda wa Kondele

Ndio nimeitoa saa hii naiangalia. Imeandikwa "pikipiki ya umeme, moja". Hakuna betri moja wala mbili, hakuna tarehe ya kuletewa.

Mhasibu, Kakamega

Hata mimi hiyo siwezi kutetea. Andika barua leo, weka kiasi, tarehe uliyolipa na zile wiki sita walizokuambia, wapigie muhuri nakala yako wakipokea. Nitumie kwa inbox nikuangalilie kabla upeleke.

Boda wa Kondele

Asante ndugu. Naiandika usiku huu nikirudi, kesho saa mbili niko kwa mlango wao.