Safari ya boti mtoni yenye chakula ndani: tukae wapi, tupande saa ngapi, tuulize nini?

Mtafuta Gati

Wakuu, habari za humu. Tunapanga safari ya boti mtoni, ile ya kutalii ambayo chakula kimeshaingizwa kwenye tiketi. Inachukua muda wa saa 2: boti inaondoka gatini, inapanda mto, inageuza na kurudi palepale. Tuko 12. Wazee 2, mmoja anatembelea mkongojo. Watoto 3, mmoja ana mzio wa karanga.

Tumeambiwa tuchague sitaha ya chini yenye vioo au ya juu iliyo wazi, na tuchague mchana au machweo. Tukae upande gani ili tuone vizuri? Chakula huletwa saa ngapi, na kinafika kikiwa cha moto kweli? Na kipi tuulize kabla hatujalipa? Naomba maelezo ya kina, maana kila ninayemuuliza ananijibu "mtafurahia tu".

---

Omo na Tezi

Mkuu, boti ikirudi kwa njia ileile kila abiria ataona kingo zote mbili. Wa kulia anaona ukingo mmoja wakati wa kwenda na wa pili wakati wa kurudi. Kinachoharibu hesabu ni sahani. Kwenye safari ya saa 2 wahudumu huanza kugawa chakula dakika 15 hadi 20 baada ya kung'oa nanga, na hadi vyombo viondolewe mezani safari nzima ya kwenda imekaribia kwisha. Muda wote huo watu wameinamia sahani. Kwa hiyo chagua kiti kwa kuangalia safari ya kurudi.

Namna ya kufanya: fungua ramani uangalie unachotaka kukiona kiko ukingo gani. Ukingo wa kulia wa mto ni ule ulio kulia kwako ukitazama maji yanakoelekea. Nyinyi mtarudi mkishuka na maji, kwa hiyo kama mandhari yenu iko ukingo wa kulia, ombeni meza za upande wa kulia wa boti. Ikiwa iko kushoto, kushoto. Kwa safari inayoanza kwa kushuka na kumalizia kwa kupanda, geuza hesabu hiyo.

Sasa jambo ambalo wauza tiketi hawalisemi. Saa 2 hazigawanyiki nusu kwa nusu. Chukua boti yenye kasi ya kilomita 12 kwa saa kwenye maji tulivu, na mkondo wa kilomita 3 kwa saa. Ikipanda inasogea kilomita 9 kwa saa, ikishuka 15. Ili irudi gatini kwa wakati, itapanda kwa dakika 75 na kushuka kwa dakika 45. Yaani kipindi ambacho mko huru kutazama ndicho kifupi, na vitu vinapita haraka zaidi. Muulizeni msimamizi kama nahodha hupunguza mwendo wakati wa kushuka. Wengi hupunguza, na tofauti yake ni kubwa sana kwa anayetaka kupiga picha.

Kuhusu machweo, usiulize tu kama kuna safari ya jioni. Uliza boti inaondoka dakika ngapi kabla ya jua kuzama. Ikiondoka dakika 30 kabla, jua litazama mkiwa mnatafuta chumvi. Ikiondoka saa 1 na robo kabla, jua linazama pale boti inapogeuza, meza zimeshasafishwa, na mnarudi taa za kingoni zikiwaka. Hili lina uzito zaidi karibu na ikweta, kwa sababu huko giza huingia upesi: tangu jua lizame hadi mwanga wa kutosha uishe ni kama dakika 21 hadi 23 mwaka mzima. London mwezi Juni ni zaidi ya dakika 40. Mwenye safari karibu na ikweta hana nafasi ya kukosea.

---

Reli ya Juu

Naongezea kuhusu sitaha. Kulia chakula juu ni kazi. Boti ikienda kilomita 12 kwa saa kuukabili upepo wa kilomita 15, unaokupiga usoni ni wa 27. Leso za karatasi zinaruka, mchuzi unapoa kabla hujafika katikati ya sahani, na wazee wataanza kuulizia shuka. Lakini kutazama mandhari, juu ndiko kwenyewe. Kwa hiyo kuleni chini, kisha pandeni juu baada ya kula. Hakikisheni tiketi ya chini inaruhusu kupanda, kwa sababu kuna boti zinazouza sitaha ya juu kama daraja la pekee na kuweka kamba kwenye ngazi.

Chini nako, meza si sawa. Za omo, yaani mbele, zina upepo kila mlango unapofunguliwa. Za tezi, yaani nyuma, ziko juu ya injini: mtetemo, kelele, na moshi upepo ukitokea nyuma. Kipimo rahisi ni glasi ya maji. Iweke mezani injini ikiwa inaunguruma, itazame kwa sekunde 10. Uso wa maji ukiwa na viduara vinavyotetemeka bila kukoma, hamisheni wazee kabla boti haijaondoka. Theluthi ya katikati ndiyo tulivu zaidi, na hata mwenye kichefuchefu hupata nafuu hapo, ingawa mtoni tatizo hilo ni adimu, labda karibu na pale mto unapoingia baharini.

Usiku kioo hugeuka kuwa kioo cha kujitazama, kwa sababu ndani kuna mwanga na nje giza. Ukipiga picha, zima mwanga wa kamera, gusanisha lenzi na kioo kabisa, na uzungushie kitambaa cheusi kuzuia mwanga wa ndani. Simu inatosha ukifanya hivyo.

---

Jiko la Chombo

Hapa ni chakula tu.

Boti nyingi za aina hii hazipiki kuanzia mwanzo. Jiko ni dogo, umeme unatoka kwenye jenereta, na moto wa wazi ni hatari majini. Chakula hupikwa nchi kavu, hupakiwa kwenye makasha yanayohifadhi joto, kisha ndani ya boti hupashwa na kuwekwa kwenye trei zenye maji ya moto chini yake. Si kasoro, mradi joto lilindwe: cha moto kisishuke chini ya nyuzi 60 za selsiasi, cha baridi kisipande juu ya 5. Katikati ya hapo ndipo vijidudu huzaana kwa kasi, na chakula kilichokaa katikati hapo kwa zaidi ya saa 2 hakifai kuliwa.

Huhitaji kipimajoto. Mhudumu akifunua trei, mvuke uonekane ukipanda. Kama mfuniko unafunguka bila mvuke wowote, na wali umekauka na kuwa mgumu pembeni ilhali katikati umeshikana, ujue umekaa muda mrefu na joto limekatika. Saladi yenye mayai au maziwa iwe juu ya barafu, na barafu yenyewe iwe bado vipande, isiwe maji.

Uliza kama ni kujipakulia au kuletewa mezani. Kujipakulia kwa abiria 80 kwenye foleni moja, kila mmoja akitumia sekunde 30, ni dakika 40 hadi wa mwisho apate. Meza ikifikiwa pande zote mbili inakuwa 20. Kwa saa 2 za safari, dakika 20 hizo ni mali. Boti zenye mpangilio huita meza kwa zamu. Ombeni iitwe mapema ile yenye watoto.

Mzio wa karanga ni suala la kuandika, si la kusema kwa simu. Pelekeni maandishi angalau siku 3 kabla, na mpate jibu la maandishi. Sababu ni hiyohiyo ya jiko: chakula kikishapakiwa, hakuna cha kubadilisha katikati ya mto. Kwenye meza ya kujipakulia hatari kubwa ni kijiko cha pamoja, mtu ametoka kuchota chenye karanga akakitumbukiza kwenye kingine. Mtoto aandaliwe sahani yake jikoni, ifunikwe na iandikwe jina, na asipewe kitu kutoka meza ya wote, hata keki. Kama ana sindano ya adrenalini iwe mfukoni mwa mzazi, isiachwe kwenye mkoba uliowekwa sehemu ya mizigo. Gari la wagonjwa halifiki katikati ya mto. Boti lazima kwanza ifike gatini.

Mengine madogo: glasi zijazwe theluthi mbili tu, kwa sababu chombo cha kasi kikipita kando mawimbi yake hufika sekunde kadhaa baadaye, wakati watu wameshasahau. Ulizeni kama maji ya kunywa yamo kwenye tiketi, maana mara nyingi "chakula kimo" haimaanishi vinywaji. Vyoo ni vichache, na foleni hutokea mara mbili, baada ya kula na dakika 15 za mwisho. Watoto wapelekwe kabla chakula hakijaletwa.

---

Jaketi Okozi

Wenzangu wameeleza vizuri starehe. Ndugu muulizaji, na hili lisiachwe.

Watu hudhani boti ya mtoni haina hatari kwa kuwa ukingo uko karibu. Tarehe 24 Julai 1915, meli ya Eastland ilipinduka ubavu kwenye mto wa Chicago ikiwa bado imefungwa gatini, na watu zaidi ya 2,500 ndani, wengi wakienda matembezi ya siku moja. Maji yalikuwa na kina cha mita 6 hivi. Walikufa 844. Meli ilikuwa na uzito mwingi juu, ukaongezeka zaidi baada ya kuwekewa mashua za kuokolea kufuatia ajali ya Titanic, na matangi ya maji ya kuiweka sawa hayakuisaidia. Ilianza kuyumba taratibu huku na huku, kisha ikalala.

Somo kwa abiria ni hili: uzito ulio juu na ulio upande mmoja ndio unaopindua chombo. Kitu kizuri kikitokea kulia, sitaha nzima ya juu isikimbilie kulia. Tafuteni kibao cha idadi ya abiria, kwa kawaida kiko karibu na mlango wa kupandia, na mlinganishe na mnachokiona. Kibao kikisema 60 na watu wamesimama hadi kwenye ngazi, shukeni. Pesa ya tiketi itafutwe baadaye.

Jaketi okozi ulizeni ziko wapi kabla boti haijaondoka, na muone kwa macho za watoto. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. La mtoto lina mkanda unaopita katikati ya miguu, na ukishafungwa, ukimwinua kwa mabega ya jaketi lisipande kufika masikioni. Aina inayojazwa hewa isijazwe mkiwa ndani ya chumba. Maji yakiingia itawabana darini na mlango hamtaufikia. Jazeni mkishatoka nje.

Usiku na mvua kubwa vikikutana, afadhali muahirishe. Budapest, tarehe 29 Mei 2019, boti ya kutalii ya Hableány iligongwa na meli kubwa ya watalii kwenye mto Danube, usiku, mvua ikinyesha, ikazama ndani ya sekunde chache. Muda wa kutafuta jaketi chini ya kiti haukuwepo.

---

Mtafuta Gati

Asanteni sana wakuu, nimeyanakili yote. Yamebaki mawili. Mzee wa mkongojo atapandaje? Na maji ya mto yakijaa au yakipungua, safari inaathirika vipi?

---

Omo na Tezi

Hayo mawili yanakwenda pamoja, mkuu. Ulizeni kama gati linaelea au ni la kudumu. Linaloelea hupanda na kushuka pamoja na boti, kwa hiyo hatua ya kuingia ndani ya boti haibadiliki. Kinachobadilika ni mteremko wa daraja linalotoka nchi kavu. Daraja la mita 12 likishuka mita 1 ni mteremko ambao hata kiti cha magurudumu hupita. Likishuka mita 3, mzee wa mkongojo anahitaji watu 2, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kwenye mito inayofuata kupwa na kujaa kwa bahari tofauti ni kubwa mno: Thames pale London maji hupanda hadi mita 7. Chagueni saa ambayo maji yako juu wakati wa kupanda na wa kushuka pia, na muombe kuingia wa kwanza na kutoka wa mwisho.

Mlangoni pa chumba cha abiria kuna kizingiti cha kuzuia maji, mara nyingi sentimita 15 au zaidi. Mkongojo hunasa hapo, kwa sababu macho yameshahamia ndani. Mtu amshike mkono hadi avuke.

Wakati wa kurudi msimruhusu asimame mapema. Boti inayoshuka na maji kwa kawaida hugeuza omo kuelekea mkondo kabla ya kufunga kamba, kwa kuwa hapo ndipo nahodha anaweza kuishikilia polepole. Abiria huona gati, husimama, na ndipo boti inapozunguka.

Mto ukifurika, kinachosimamisha safari mara nyingi ni madaraja: nafasi ya kupita chini yake inakwisha. Seine mjini Paris ilizuia boti kwa sababu hiyo Juni 2016 na tena Januari 2018. Mvua ya kawaida haifuti safari wala hairudishi pesa. Kwa hiyo someni masharti mtafute maneno haya: kina cha maji, ukungu, upepo. Na muulize kama boti isipoweza kuondoka mtarudishiwa pesa, au mtakaa gatini mle chakula na safari ihesabiwe imefanyika. Hilo la pili lipo kwenye masharti mengi.