Sake ya Kijapani: ipi inywewe baridi, ipi ipashwe moto?

Chupa_Tatu

Wakuu, nina chupa tatu za sake, ile pombe ya mchele, za mililita 720: junmai ya kimoto, daiginjo iliyoandikwa 50%, na nyingine imeandikwa nama. Nianze na ipi, na kila moja kwa joto gani? Hiyo 50% ni ya nini, wakati kilevi kimeandikwa 16%? Halafu nikipasha moto, mvuke unachoma pua. Kosa liko wapi?

Koji_na_Mchele

Mkuu, 50% ni ya mchele. Ni kiasi cha punje kilichobaki baada ya kukoboa. Nje ya punje kuna mafuta na protini. Vikizidi, ladha inakuwa nzito na harufu ya matunda inafifia. Katikati ni wanga. Kwa daraja la ginjo lazima ibaki 60% au chini, kwa daraja la daiginjo 50% au chini. Junmai maana yake haikuongezwa spiriti, na tangu 2004 haina kiwango cha lazima cha kukoboa. Kwa hiyo usisome namba ndogo kama alama ya ubora. Kimoto (sake ambayo hamira yake huandaliwa kwa njia ya zamani) iliyokobolewa kidogo inaweza kuishinda daiginjo mara tu chakula kinapofika mezani.

Kama kwenye daiginjo yako hakuna neno junmai, basi imetiwa spiriti kidogo kabla ya kukamuliwa. Si uchakachuaji: spiriti huvuta harufu ambayo ingebaki kwenye machicha.

Wengi huiita sake mvinyo wa mchele, lakini kwa utengenezaji iko karibu na bia. Koji, yaani ukungu unaooteshwa juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke, hufanya kazi ya kimea: hugeuza wanga kuwa sukari. Tofauti na bia ni kwamba hamira inakula sukari hiyo humo humo, kwenye pipa lile lile, wakati koji bado inaendelea kuitengeneza. Ndiyo maana kilevi hufika karibu 20% bila kukenekwa, kisha hupunguzwa kwa maji hadi 15 au 16.

Anza na daiginjo, ufuate na nama (sake isiyopashwa moto kiwandani), umalizie na kimoto. Kimoto ina uchachu unaong'ang'ania ulimini. Ukiitanguliza, daiginjo itaonekana kama maji.

Daiginjo: nyuzi 10 hadi 15, kwenye glasi ya mvinyo, mililita 60 tu ili harufu ipate nafasi. Utakuta tufaha, au ndizi mbivu. Ikitoka kwenye friji ikiwa nyuzi 5 harufu imejifunga, iache mezani kwanza. Nama: 5 hadi 10. Kimoto ionje kwanza ikiwa nyuzi 20, kisha 40 hadi 45. Hapo ndipo ile ladha ya supu ya uyoga inapofunguka.

Kuonja: kikombe cheupe chenye duara za bluu chini kinasaidia, kwa sababu sake isipokuwa angavu kabisa, inaonekana pale bluu inapokutana na nyeupe. Chukua kama mililita 5, vuta hewa kidogo mdomoni, zungusha, kisha toa pumzi kwa pua. Harufu inayokuja wakati huo ndiyo ya kuandika, maana mara nyingi haifanani na ile ya kwanza. Ukionja nyingi, tema.

Tokkuri180

Nachukua la moto. Pua inachomwa kwa sababu umepita nyuzi 55, au umeweka sufuria moja kwa moja jikoni. Kilevi huchemka kwenye 78 lakini huanza kuruka mapema sana.

Chemsha maji, zima jiko, subiri yashuke hadi karibu 80. Jaza tokkuri (ile chupa ya udongo ya mililita 180) sehemu tisa kati ya kumi, kwani sake hutanuka. Izamishe hadi maji yafike shingoni. Dakika 2 hadi 3, pima kwa kipimajoto. Ukitaka iwe laini zaidi, ifikishe 50 uitoe, iache ishuke hadi 45.

Maikrowevu huunguza shingo na kuacha chini kukiwa baridi. Ukilazimika, sekunde 20, koroga, rudia.

Koji_na_Mchele

Hapo sina la kuongeza, ila daiginjo usiipashe hivyo. Harufu itaondoka, ubaki na uchungu.

Friji_Nyuzi5

Mmesahau uhifadhi, na nama ndiyo inayoharibika haraka. Sake ya kawaida hupashwa moto mara mbili, kwenye nyuzi 60 hadi 65, kuua vijidudu na kuzima vimeng'enya vya koji. Nama haikupashwa hata mara moja, kwa hiyo vimeng'enya bado viko kazini. Weka nyuzi 5 au chini, na ukiifungua imalize ndani ya wiki. Ikiacha kuwa angavu na kunuka maziwa yaliyochacha, mwaga.

Chupa zote zisimame wima, gizani. Jua huipa sake rangi ya manjano na harufu mbaya. Kuifunga kwa gazeti kunatosha.

Chupa_Tatu

Shukrani wakuu. Na hizi +5 na −3 kwenye lebo?

Tokkuri180

Ni uzito wa sake ukilinganishwa na maji. Sukari huongeza uzito, kwa hiyo hasi inaelekea utamu, chanya inaelekea ukavu. Soma pamoja na namba ya uchachu: −3 yenye uchachu 2.0 haitakuwa tamu kama −3 yenye 1.2.

Friji_Nyuzi5

Tazama tena lebo ya nama kabla ya kufuata ule mpangilio. Ikiwa na neno genshu, haikuongezwa maji na kilevi chake huwa 17 hadi 20. Hiyo iwe ya mwisho, baada ya kimoto, na kipande kimoja cha barafu hakiidhuru.