Tupeane uzoefu: mnapambaje nyumba Krismasi mkiwa na watoto wadogo?

mama_wa_kimara
Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Naomba tupeane uzoefu hasa wazazi na wale mliolea wadogo zenu.

Mwaka jana nilienda Kariakoo nikanunua mti wa plastiki wa futi sita, mapira ya kung'aa, nyota ya kuweka juu na taa zile za kuwaka na kuzima, nikaupamba mwenyewe usiku watoto wamelala maana nlitaka waamke wakute nyumba imebadilika. Na kweli asubuhi walipiga kelele za furaha, ila furaha yenyewe haikufika saa nne, kwa sababu hapo ndo nilianza kazi ya usiguse. Usiguse hilo litavunjika, toka hapo utaangusha, acha hiyo waya. Nina wawili, wa miaka 4 na wa miaka 7. Ikapita kama wiki hivi, mtoto wa jirani kaja kucheza, nikiwa jikoni nikamsikia mwanangu mdogo anamwambia, "usikae huku, huu mti ni wa mama."

Aisee iliniuma. Nilinunua kwa ajili yao kabisa, pesa ya kibubu, halafu mtoto anaishi na mti sebuleni mwezi mzima anajua sio wake.

Mwaka huu nataka wapambe wao na nyumba iwe yao. Sebule yetu ndogo, makochi yenyewe yamejibana, umeme ndo kama mnavyoujua, na bajeti haizidi elfu 30. Nyie mnafanyaje? Na mlivyokua wadogo ni kitu gani kilipambwa nyumbani kwenu mpaka leo mnakikumbuka?

Mrombo Halisi
Dada pole, ila umenirudisha mbali sana. Sisi Rombo Krismasi ilikua inaanza na mawe. Kuanzia wiki ya pili ya Desemba mzee anakoroga chokaa kwenye ndoo na sisi watoto kazi yetu ni kupaka yale mawe ya pembeni ya njia, kutoka barabarani mpaka mlangoni, na shina za mikahawa iliyo karibu na nyumba, ili ndugu wanaotoka Dar na Arusha hata wakifika usiku taa za gari zikipiga waone njia nyeupe. Mikono inakauka na chokaa mpaka inapasuka, lakini huwezi kumwachia mwenzako jiwe lako, kila mtu alikua na mawe yake na anayajua.

Mti tulikua tunakata tawi la mkrismasi kwenye ua, tunalisimamisha kwenye ndoo ya udongo na mawe. Nyumba nzima inanuka ule mti, hata leo nikipita sehemu wanapasua mbao za mkrismasi nasikia Desemba. Pamba dukani ilikua inauzwa ile ya roli, tunainyofoa vipande tunabandika kama theluji, na theluji tulikua tunaijua bwana, tukitoka nje asubuhi mlima Kilimanjaro uko wazi pale juu tunaiona. Mdogo wetu wa mwisho alikua na miaka 3, anafika matawi ya chini tu, basi yeye pamba yake yote anaisokomeza chini hapo hapo. Mti ukawa juu mkavu, chini una manyoya kama kuku wale wa kienyeji wenye manyoya miguuni. Shangazi alivyofika akataka kuipandisha pamba ipangike vizuri, mama akamshika mkono akamwambia acha, hiyo ni kazi ya mtu. Haikuguswa mpaka sikukuu ikaisha.

Halafu kadi. Mzee alikua anatuletea bahasha ya kaki imejaa kadi za Krismasi alizotumiwa, tunatoboa tunapitisha uzi, tunazining'iniza kutoka dirisha moja mpaka jingine. Nilijifunza kusoma mwandiko wa watu kwenye zile kadi.

Kwa hiyo jibu langu, waachie nusu ya chini. Chochote kinachofikika na mkono wa miaka 4 kiwe cha miaka 4.

nesi_mstaafu
Nakuunga mkono Mrombo. Naongezea ya usalama tu maana nimeyaona kazini. Mapira ya chupa usinunue kabisa, chukua ya plastiki. Zile taa ndogo na kadi za kuimba zina vibetri vya duara kama kitufe cha shati, angalia kile kifuniko kina skrubu, kama hakina usilete nyumbani. Mtoto akimeza kikakwama kooni kinaunguza ndani ya saa 2 tu, hapo ni kumkimbiza hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri atapike wala aende haja. Na yale maua mekundu ya Krismasi yanayoota kwenye uzio, yapambeni ni mazuri, ila mkate nyie wakubwa, utomvu wake mweupe unawasha ngozi na macho.

Shiru wa Umoja
Mimi niko Nairobi, naishi bedsita, yaani chumba kimoja, na wasichana wawili, kwa hivyo habari ya mti wa kusimama sahau, ukiuweka itabidi mtu mmoja alale nje. Nilivyofanya mwaka juzi na bado tunafanya, nilinunua selotepu ya kijani nikachora mti ukutani, pembe tatu tatu kutoka karibu na swichi mpaka chini sakafuni, kisha nikafunga kamba za kufumia ndani yake. Watoto wananing'iniza kwa vibanio vya nguo kitu chochote wanachotaka. Kuna michoro, kuna karatasi ya peremende, kuna soksi moja ya mtoto mchanga ambayo mkubwa aliipata kwenye sanduku akauliza ni ya nani nikamwambia ni yako, akaenda akaibana hapo juu kabisa akiwa amesimama kwa kiti. Kila mtu akija kwetu anaonyeshwa hiyo soksi kwanza.

Kwetu Nyandarua tulikuwa tunatumia tawi la saipresi ndani ya mkebe wa Kimbo umejazwa mawe, na baluni, na tishu tunaizungusha kwa dari. Baluni zilikuwa zinapasuka zote kabla ya tarehe 25 na bado tulikuwa tunaacha vile vipande hapo kwa uzi.

Mtumishi wa Songea
Wapendwa, kwetu kitu kikubwa sio mti, ni pango, lile la kuonyesha Yesu alivyozaliwa kwenye zizi. Nyumbani kwa wazazi wangu mti haujawahi kuwepo lakini pango halijawahi kukosa. Na kwa mtoto naona pango linazidi mti, maana mti unaangalia tu, pango lina watu na wanyama na unaweza ukalisimulia.

Tunalifanya hivi. Wiki ya kwanza ya Majilio, zile wiki nne za kuisubiri Krismasi, nawapeleka watoto bondeni tunachimba udongo wa mfinyanzi, tunakaa barazani kila mtu anafinyanga. Sichagui nani afinyange nini. Mwaka jana tulipata ng'ombe kumi na moja, kuku, mbwa wetu, na kondoo mmoja tu ambaye mwenye kumfinyanga alisema huyo ni mgonjwa kwa hiyo amelala. Paa ni magome ya mti na nyasi, hori tunaliweka majani makavu ya mgomba.

Sasa siri iko kwenye kusubiri. Hori linakaa tupu. Mtoto Yesu hawekwi mpaka usiku wa tarehe 24 tukitoka kanisani, na anayembeba ni mdogo kuliko wote ndani ya nyumba, amefungwa kwenye kipande cha kanga ya mama yao. Ile hatua kutoka chumbani mpaka kwenye pango ni kama mita sita, ila mtoto anatembea taratibu kama amebeba yai, nyumba yote kimya. Na Mamajusi hawafiki siku hiyo, wao wanaanzia juu ya kabati kwenye redio, kila siku watoto wanawasogeza kidogo, wanapita juu ya kochi, wanapita dirishani, mpaka Epifania tarehe 6 Januari ndo wanafika. Kwa hiyo sikukuu kwetu inaendelea wakati nyumba nyingine mapambo yameshatupwa.

Mnajua hata mwanzo wake ilikua ni hivyo hivyo, watu waone kwa macho. Mtakatifu Fransisko wa Asizi mwaka 1223 kwenye kijiji cha Greccio, Italia, alitengeneza hori lenye majani makavu, akaleta ng'ombe na punda wazima kabisa, watu wa kijiji wakaja na mienge usiku. Mtu asiyejua kusoma alielewa. Na mtoto wa miaka 4 ndo huyo huyo asiyejua kusoma.

kaka_mkubwa88
Mimi ntakua tofauti kidogo jamani msinielewe vibaya. Nimelea wadogo zangu watatu baada ya wazazi kufariki, hiyo elfu 30 mimi ningenunua viatu. Mtoto anakumbuka nguo ya sikukuu na pilau, taa hakumbuki. Sisi pambo letu lilikua moja, tunafua mapazia tarehe 23 na kupiga deki nyumba nzima, wale wadogo wanateleza na maji ya sabuni sakafuni. Hilo wanalisimulia mpaka leo na wana familia zao.

mama_wa_kimara
Kaka mkubwa hongera sana kwa kulea, na nimekuelewa kabisa, hiyo ya kuteleza na sabuni naiiba.

Tunu Hamburg
Nasalimu kutoka ubaridini. Mimi mzaliwa wa Mbeya, Mlutheri wa KKKT toka utotoni, niko Hamburg mwaka wa sita na watoto wawili waliozaliwa huku. Lile shada la Majilio tunalowasha kanisani mishumaa minne, nimekuja kujua lilianzia mji huu huu. Kulikua na mwanateolojia anaitwa Johann Hinrich Wichern, alikua analea watoto maskini kwenye nyumba inaitwa Rauhes Haus, sasa watoto wakawa wanamsumbua kila siku kuuliza Krismasi bado siku ngapi. Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni akaweka mishumaa midogo myekundu 20 na mikubwa myeupe 4, midogo ya siku za kawaida mikubwa ya Jumapili, kila siku wanawasha mmoja. Yaani kitu kilitengenezwa kwa sababu ya mtoto anayeuliza bado siku ngapi! Nilivyosikia nikasema kumbe na mimi ndani ninao wawili wanaouliza hivyo hivyo.

Mishumaa 24 mimi siwezi na watoto wadogo. Nilichofanya nimekusanya viberiti vitupu 24, nimevivisha mabaki ya vitenge alivyonitumia mama, nimeandika namba, nimevifunga kwenye kamba. Ndani kila kimoja kina kitu kidogo, pipi, punje za mahindi mekundu, picha ya bibi yao iliyokatwa ndogo, au karatasi yenye kazi, mfano "leo mpigie bibi simu umwimbie". Ile ya kumpigia bibi ndo wanayoigombania. Nyie huko nyumbani hamhitaji kununua kitu, viberiti vipo.

Mama Swaumu Tanga
Sisi waislamu ila ngoja na mie niseme. Jirani yangu ukuta kwa ukuta hapambi bila wanangu, anawaita wanakaa wote mkekani wanakata makaratasi wanaunganisha minyororo, gundi yao ni unga wa ngano umechemshwa kama uji mzito. Na mimi usiku wa kuamkia Idi watoto wake wako kwangu wanachambua karafuu na iliki za pilau. Kwa hiyo mama wa Kimara, huyo mtoto wa jirani aliyeambiwa asikae huku, mwite mapema kabla hamjaanza.

Ndugu wa Lushoto
Nimesoma yote, nilikua sitaki kuandika ila basi. Baba yangu alitutoka Novemba miaka minne iliyopita, tulikua tunaishi naye. Desemba ikafika sisi wakubwa tukakubaliana nyumba yenye msiba haipambwi. Watoto hawakuambiwa chochote, wakangoja tu, tarehe 20 ikapita, tarehe 22 ikapita. Jioni ya 23 mwanangu wa miaka 6 akanifuata akaniuliza, babu akikuta hatujaweka mti si atauliza? Maana aliyekua anakata tawi kila mwaka ni babu yao.

Sikua na jibu. Nikachukua panga tukaenda wote mpaka kwenye ule mti anaokataga yeye, tukakata tawi, tukalisimamisha sehemu ile ile karibu na redio. Hatukuweka taa wala maputo. Wakati nafunga kamba ndoo isiyumbe mtoto akaingia chumbani kwa babu akatoka na kofia yake ya sufu, ile ya baridi, akaniambia ninyanyue, akaivalisha juu pale panapokaaga nyota. Mama yangu alikua amekaa kimya wiki ya tatu hiyo, akaangalia, akasema ingevutwa kidogo mbele, hakuwa anaivaa hivyo. Akainuka akairekebisha mwenyewe.

Mpaka leo nyota hatununui.

Mrombo Halisi
Pole sana ndugu yangu wa Lushoto. Mungu ampumzishe mzee.

mama_wa_kimara
Wapendwa asanteni mno, nimesoma nikalia hapo kwa kofia. Nirudishe mrejesho kidogo. Jumamosi tumeanza, mti wa plastiki nimeuacha darini, jirani kanipa tawi la mvinje, najua mvinje unakauka haraka ila tumeuweka kwenye ndoo ya maji. Mtoto wa jirani nilimwita kabla. Gundi ya unga wa ngano imefanya kazi, minyororo wamekata kwenye madaftari yaliyoisha ya mkubwa, ukiangalia vizuri unaona hesabu za kujumlisha na alama za vema za mwalimu. Mapira ya plastiki yote saba mdogo kayaning'iniza kwenye kitawi kimoja, kimeinama mpaka karibu na sakafu, sijakigusa. Vitambaa vya makochi nimetoa kabisa mpaka Januari.

Nina swali kwa Mtumishi wa Songea, na sisi tumejaribu udongo, tumepata kwenye mtaro ila ng'ombe wote wamepasuka miguu, tunakosea wapi?

Mtumishi wa Songea
Udongo una nguvu sana huo, changanya na mchanga laini kidogo na nyasi kavu zilizokatwakatwa, ukandeni mpaka usishike mkononi. Miguu ifanyeni minene na mifupi, msiungeunge, ivuteni kutoka kwenye tumbo lenyewe. Halafu muanike kivulini, jua lisiwaguse siku tatu. Na hao waliopasuka miguu msiwatupe, walazeni, watoto watajua la kusema.