Naomba ushauri: mtoto anatapika dawa ya maumivu baada ya upasuaji wa makengeza

Wakuu, hasa wauguzi wa macho Mbeya na Iringa. Mtoto wa kilo 12 anapewa parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo, kila saa 6: yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5, isizidi mara 4 kwa siku. Kodeini (dawa kali ya maumivu) hapana kabisa, inaweza kuzima pumzi ya mtoto.

Shida ni kutapika. Misuli ya jicho ikivutwa huamsha kichefuchefu, na zile kona za barabara ya Tukuyu zinazidisha. Dawa ikirudi baada ya dakika 20, mnarudia dozi nzima au mnasubiri? Na ile parasetamo ya kuweka njia ya haja kubwa, miligramu 125, inapatikana maduka ya huku? Watoto wanaumia njiani.